Kwa nini betri ya gari ikilala ndani ya nyumba asubuhi gari inawaka, na hakuna mtu aliyeichaji?

Wenye ndugu Kanada au Skandinavia lazima mshaziona hizi video kwenye simu: mtu kavaa majaketi mawili, yuko nje usiku kwenye theluji, kafunua boneti, anahangaika na spana namba 10 huku vidole vishakufa ganzi, anaing'oa betri, anaingia nayo ndani na kuiweka ukumbini juu ya gazeti. Asubuhi anairudisha, anafunga, anapiga stata mara moja, gari inawaka. Haikuungwa na chaja wala haikuongezwa maji, imelala tu.

Ukiuliza huku kwetu imekuwaje, kuanzia gereji za Mwanakwerekwe mpaka Chake Chake, wengi watakwambia baridi inamaliza moto wa betri. Na kutoka hapo watu wanaruka kwenye jambo la pili, kwamba sisi wa Unguja na Pemba tuna bahati, kwetu hakuna baridi, basi betri zetu zidumu kuliko za wenzetu. Yote mawili si kweli, na hilo la pili ndilo linalotutoa pesa mfukoni kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo nitalikalia.

Lakini kwanza lile la mwanzo, maana video yenyewe inalikanusha ukiiangalia vizuri. Kama baridi ingekuwa imeumaliza moto, kulala ukumbini kusingeurudisha, kwani hakuna umeme ulioingia. Kilichoingia ni joto tu. Gari imewaka, maana yake umeme ulikuwemo tokea jana usiku, ila ulikuwa hautoki.

Betri hizi ni zile za risasi na tindikali, kazitengeneza Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na kanuni yake haijabadilika mpaka leo. Vyumba 6, kila kimoja volti 2 na kidogo, jumla inafika 12.6 hivi ikiwa imejaa. Ndani kuna sahani za risasi na sahani za oksidi ya risasi, zimezama kwenye tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Tindikali inakula sahani, umeme unatoka, na inavyozidi kutumika ndivyo tindikali inavyopungua na maji yanavyobaki. Kuchaji ni kuirudisha safari hiyo kinyumenyume. Hayo yanatosha.

Sasa chukua bandari ya Malindi hapa Unguja. Meli imefunga gati imejaa magunia, na mlangoni kuna mteja na lori lake. Magunia yaliyomo melini ndio moto wa betri. Mahamali wanaopanda na kushuka ndio ile tindikali inayotembea baina ya sahani. Magunia yanayofika mlangoni kwa dakika moja, hizo ndizo ampea. Mambo mawili tofauti kabisa: kuna magunia mangapi, na yanatoka kwa kasi gani. Redio, saa na taa ya ndani ni wateja wadogo, wanataka gunia moja moja, hata hamali mmoja aliyechoka anawatosheleza. Stata ni mteja wa aina nyengine, anataka lori lijae ndani ya sekunde mbili tatu, kwenye gari ndogo ya petroli anaweza kutaka ampea 100 na zaidi kwa mpigo. Baridi ikiingia, mahamali wote wanatembea polepole, na gati lenyewe limekuwa tope zito kwa sababu tindikali nayo inakuwa nzito. Magunia hayajapungua hata moja, ila mlangoni yanafika nusu, na yule wa lori anaondoka mikono mitupu. Ndio maana kule mtu anaona taa zinawaka, redio inaimba, lakini akipiga stata anasikia tik tik tik na anashindwa kuelewa.

Mfano huu unaeleza na jambo jengine ambalo mafundi wa nchi za baridi wanalijua kwa mazoea, kwamba ukipiga stata ikakataa usiendelee kuigandamiza, subiri dakika moja kisha piga tena. Ule muda wa kusubiri mahamali wanayasogeza magunia mpaka karibu na mlango, yaani tindikali mbichi inapenya kwenye vitundu vya sahani pale ilipokwisha. Na ukiichukua bandari nzima ukaiingiza sehemu yenye joto usiku kucha, tope linalainika, watu wanachangamka, asubuhi kazi inakwenda. Betri ina kilo kumi na kitu za risasi na maji, inachelewa kupata joto na inachelewa kupoa, ndio maana lazima ilale na si kuiweka ndani nusu saa. Mfano unaishia hapo lakini, kwa sababu hamali haliwi na gunia na tindikali inaliwa, na hilo litakuwa muhimu chini kidogo.

Kwa makadirio, betri nzima iliyojaa kwenye nyuzi sifuri inatoa kama thuluthi mbili ya nguvu yake, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inakaribia asilimia 40 tu, japo inategemea betri na umri wake. Hiyo 18 chini ya sifuri haikuchaguliwa ovyo, ndiyo inayotumika kupimia: betri za kule zinaandikwa namba ya ampea zinazoweza kutolewa kwenye baridi hiyo kwa sekunde 30 bila volti kushuka chini ya 7.2. Huku dukani sisi tunauliza saizi, N50 au N70, na bei, ile namba ya baridi hata ikiwa imeandikwa ubavuni hakuna anayeisoma, na hatuihitaji.

Na masikini betri inapodhoofika ndio hapo hapo injini inataka nguvu zaidi, maana oili nayo imekuwa nzito. Ukiangalia kopo la oili utaona 5W-30 au 20W-50, ile namba kabla ya W ndiyo ya tabia yake kwenye baridi. Oili ya 5W inapimwa kama injini itazunguka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W inapimwa kwenye 15 tu chini ya sifuri. 20W-50 tunayotia huku kwenye gari nyingi ukiipeleka Winnipeg kule Kanada mwezi wa Januari, ambako usiku kufika 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, stata itasukuma kitu kigumu haswa. Ndio maana kule gari nyingi zina waya wa umeme unaoning'inia mbele, unachomekwa kwenye soketi usiku kupasha injini, na maegesho mengi yamewekewa soketi kabisa. Mtu wa huku akiona kwa mara ya kwanza anadhani ni gari ya umeme.

Haya, sasa tuje kwetu.

Kile kile kinachowapunguza kasi mahamali kinapunguza kasi ya kila kitu ndani ya betri, na uharibifu ukiwemo. Kwa hiyo baridi inaizuia betri kufanya kazi lakini wakati huo huo inaihifadhi. Joto linafanya kinyume: kazi inakwenda vizuri sana na betri inaoza haraka. Kuna kadirio la wataalamu wa betri kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa betri unakaribia kukatika nusu. Ni kadirio, usilishike kama aya, ila mwelekeo wake hauna ubishi. Sasa wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, kivulini tu kuna nyuzi 32 au 33, na chini ya boneti ya gari iliyokwama foleni ya Darajani na AC imewashwa joto linaweza kupita nyuzi 60. Betri inakaa humo humo kila siku.

Kinachoharibika ni nini? Zile sahani chanya zina wavu wa risasi ndani yake unaozishika, na wavu huo unaliwa na kutu taratibu, joto linauharakisha, mwisho unakatika vipande na sahani inamomonyoka. Maji yanapungua, sahani zinabaki wazi juu, na sehemu iliyokauka haifufuki tena hata ukijaza. Na moto wenyewe unavuja kwa ndani hata gari ikiwa imezimwa, kwenye joto unavuja haraka zaidi. Nchi za baridi betri kufika miaka mitano si ajabu, sehemu za joto kama letu miwili au mitatu ndiyo kawaida, na hapo watu wanamlaumu muuza duka kwamba kauza feki. Feki zipo, lakini si kila betri iliyokufa mapema ni feki.

Sasa kinachowafanya watu wasilione hili ni kwamba joto linaficha lilichokifanya. Kwenye joto hata betri iliyobakiwa na nusu ya sahani inawasha gari vizuri, kwa sababu ile nusu inafanya kazi kwa kasi na oili ni nyepesi. Inaendelea hivyo mpaka inafika kipupwe, Juni au Julai, asubuhi moja kuna upepo na nyuzi 22, gari inagoma, na mwenyewe anasema baridi imeniulia betri. Wakati nyuzi 22 ni karibu kabisa na 25, joto ambalo viwanda vinatumia kama kipimo cha kawaida cha betri. Kipupwe hakikufanya kitu. Iliharibika kaskazi iliyopita na ile kabla yake. Na kule Winnipeg mambo ni hayo hayo, betri nyingi zinazogoma Disemba zilishachoka wakati wa joto, baridi ya kwanza ndiyo imezikamata.

Nisiionee huruma baridi kupita kiasi lakini, ina madhara yake ya kweli. Betri ya baridi haipokei chaji vizuri, mtu anakwenda dukani dakika kumi na kurudi, taa na hita vimewashwa, altaneta, yaani ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, haiwahi kurudisha kilichotumika, betri inakaa nusu nusu wiki nzima na sahani zinaanza kugandiwa na chumvi ngumu ya salfa isiyotoka. Na hapa ndipo lile la tindikali kuliwa linapokuja: betri iliyojaa haigandi mpaka kiasi cha nyuzi 50 chini ya sifuri au zaidi, lakini iliyoisha ndani yake ni maji karibu matupu, inaweza kuganda hata kwenye 7 au 10 chini ya sifuri. Barafu inavimba, gamba linapasuka. Betri iliyoganda haichajiwi wala haibustiwi kutoka gari nyengine, inaweza kulipuka, inaachwa iyeyuke kwanza ndani na ikaguliwe kama ina ufa.

Kitu ambacho mimi kinanifurahisha sana katika habari hii ni kwamba baridi ya mbali imefika mpaka huku visiwani kwa meli. Gari zetu nyingi ni mitumba ya Japani, na Wajapani wana gari zinazotengenezwa maalumu kwa mikoa ya theluji kama Hokkaido: betri kubwa zaidi, stata yenye nguvu, na nyingine zina nyaya za joto chini ya kioo cha mbele ili waipa zisigande. Kwa hiyo unaweza kuwa Wete na gari yenye mitambo ya kuyeyusha barafu na usijue. Dalili mojawapo ni kitako cha betri kikubwa kuliko kawaida. Fundi anaweka betri ndogo ya bei nafuu, anaona inacheza, anachomeka kipande cha ubao au mpira wa tairi, na kwa barabara zetu ile betri inatikisika mpaka sahani zinamwaga unga wake chini. Ukiweza ijaze nafasi yake kwa betri ya saizi ile, kama huwezi basi ifungwe kwa chuma chake ikaze kweli kweli. Na ule mfuko au kigamba cha plastiki kinachoizunguka betri, ambacho mafundi wengi wanakitupa kwa kuona kinawasumbua, kazi yake moja ni kuikinga na joto la injini. Kirudisheni. Kama betri ni ya vifuniko, fungua wakati wa kaskazi uangalie maji, na ongeza maji ya betri, si ya bomba yenye chumvi zake na si tindikali.

Ukitaka kujua hali yake usingoje kipupwe. Pima kwa mita asubuhi kabla hujawasha: 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, chini ya 12 imekwisha. Ikiwa usiku uliiacha imejaa na asubuhi iko 12.2 na hakuna taa iliyosahauliwa, ama kuna kitu kinanyonya umeme kwenye gari au hiyo betri ndio inakwisha.

Na kwa ndugu zetu wanaofanya kazi hii nje kwenye theluji: anza kufungua waya wa hasi, malizia nao wakati wa kufunga, kwa sababu ukianza na chanya spana ikagusa bodi inapiga cheche, na vidole vya ganzi vinateleza. Vibanio vya plastiki kwenye baridi vinakatika kwa kuguswa, vipashe kwa kiganja kwanza. Hakikisha unayo namba ya siri ya redio kama gari yako inaitaka betri ikishatolewa. Ikishaingia ndani iweke mbali na moto na watoto, na ukitaka kuichaji peleka penye hewa, si chumbani mnapolala, maana ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto.