Bastola kumkaa mtu mkononi: maana yake

Bastola humkaa mtu mkononi pale anapoushika mpini barabara na kidole cha shahada kikafika kwenye triga, yaani kifyatulio, bila kiganja kusogea. Bei na jina la kiwanda havimo katika kipimo hiki, ingawa wanunuzi wengi huanzia huko.

Kwa nini kidole? Bastola ikishikwa vizuri, mtutu hulala mstari mmoja na kigasha, na pengo la kati ya gumba na shahada hubana juu kabisa nyuma ya mpini. Mwenye vidole vifupi akipewa mpini mnene hulazimika kuzungusha kiganja ili aifikie triga, na mstari ule huvunjika. Akifyatua, bastola inarudi nyuma na kumgonga kwenye fundo la gumba, wala haitulii kiganjani. Tena, kidole kinachogusa triga kwa ncha tu huisukuma pembeni. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mara nyingi risasi huangukia kushoto mwa shabaha. Atajiona hajui kulenga, kumbe tatizo ni mpini.

Jambo hili si geni. Jeshi la Marekani liliichukua bastola ya mbunifu wa silaha John Browning mwaka 1911, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza likairekebisha: triga ikafupishwa, na chuma cha nyuma yake kikachongwa pande zote mbili ili vidole vifupi vifike. Toleo hilo ndilo M1911A1. Ajabu ni kwamba mwaka 1985 jeshi hilohilo likachagua Beretta M9, yenye magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) ya risasi 15 zilizopangwa safu mbili, kwa hiyo mpini wake ni mnene, na kwa risasi ya kwanza triga huwa mbali zaidi. Askari wenye mikono midogo walihangaika nayo. Mwaka 2017 ikachaguliwa SIG Sauer P320, ambayo mpini wake hubadilishwa: mdogo, wa kati au mkubwa.

Kujipima ni rahisi. Kwanza toa magazini, vuta sehemu ya juu nyuma, kagua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole, na mtutu uelekee upande salama muda wote. Shika mpini, kisha weka kidole kwenye triga. Triga ikae kwenye nyama ya kidole, kati ya ncha na fundo la kwanza. Ikiangukia ndani ya fundo, bastola ni ndogo kwako. Angalia pia kama gumba linafikia kitufe cha kutolea magazini, na kama unaweza kuikoki, yaani kuvuta ile sehemu ya juu nyuma, bila kuhangaika. Anayetumia mkono wa kushoto aulize kama kitufe hicho kinahamishika.

Kuna kosa moja linaloniudhi: mwanamke akiulizia bastola, muuzaji humwekea mezani ile ndogo kuliko zote. Udogo wa bastola si wepesi wa kuipiga. Bastola ya Glock 17 bila magazini ina takriban gramu 630, Glock 43 takriban 460, na zote hupiga risasi ileile ya milimita 9. Iliyo nyepesi hurudi nyuma kwa nguvu zaidi. Mpini wake mfupi huacha kidole cha mwisho kikielea, na bastola ndogo za aina hii mara nyingi huwa na springi ngumu, hivyo kuzikoki ni kazi. Udogo unasaidia kubeba na kuficha. Anayejifunza apewe bastola ya ukubwa wa kati yenye mpini mwembamba, au ile inayobadilishwa kipande cha nyuma ya mpini, kama Glock nyingi zilivyo tangu 2010.

Mwenye kibali cha silaha asinunue kabla ya kupiga risasi kadhaa uwanjani, mkufunzi akiwa pembeni. Dukani kila bastola hukaa vizuri, kwa sababu haijafyatuliwa. Uwanjani, ukiona baada ya kila risasi unalazimika kuushika mpini upya, bastola hiyo si yako.