Kupima mikono na maamuzi ya mwanafunzi wa kairopraktiki

Mwanafunzi wa kairopraktiki, yaani tiba ya mikono ya uti wa mgongo na viungo, anaweza kuandika ukurasa mzima kuhusu neva iliyobanwa kiunoni, kisha akashindwa kuipata refleksi ya kifundo cha mguu, yaani mguu kushtuka wenyewe ukigongwa kwa nyundo. Ndiyo maana tunatumia mtihani wa vituo, ambao Ronald Harden na wenzake waliueleza mwaka 1975 huko Dundee: kila mtahiniwa hupita kwenye kazi zilezile, kwa dakika zilezile, na kila kituo kina mtahini wake. Ukipata mtahini wa ziada, mfungulie kituo kipya badala ya kumrundika penye mwenzake, kwa sababu anayeimudu shingo huenda asiimudu bega.

Chukua kituo cha maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni. Mgonjwa wa kuigiza amelala chali. Mtahiniwa auinue mguu taratibu, goti likiwa limenyooka, huku akiuliza maumivu yanaanza wapi na yanaishia wapi; kuvutika nyuma ya paja peke yake si sawa na maumivu yanayopita chini ya goti. Kisha apime nguvu ya kuinua kidole gumba cha mguu (mzizi wa neva wa L5), refleksi ya kifundo (mzizi wa S1) na hisia za ngozi. Wengi huacha kulinganisha na mguu wa pili, au hugonga refleksi misuli ikiwa bado imekazwa.

Hapo hapo lazima aulize kuhusu dalili za hatari: ganzi ya makalio na sehemu za siri, na kama mkojo unatoka kawaida. Asiyeuliza, kwangu hajafaulu kituo hicho, hata alama zake nyingine zikiwa nzuri kiasi gani. Sharti hilo liandikwe kabla ya mtihani, lisibuniwe wakati wa kusahihisha.

Msukumo wenyewe, yaani ule wa haraka wa mkono kwenye kiungo cha uti wa mgongo, haupimwi kwa mgonjwa wa kuigiza. Shingo moja haiwezi kusukumwa na darasa zima. Kwa mgonjwa huyo tunatazama mkao, pingili ya uti wa mgongo iliyochaguliwa, mahali pa kugusa, mwelekeo, na namna mtahiniwa anavyofika mwisho wa mjongeo na kusimama hapo. Msukumo hufanyiwa sanamu au kitanda chenye vihisi, kinachoonyesha nguvu ya awali, kilele chake na milisekunde za kukifikia. Kosa kubwa ni kulegeza mkono punde kabla ya kusukuma: mkazo hupotea, na mtahiniwa hufidia kwa nguvu nyingi na kina kisichohitajika.

Weka pia kituo ambacho jibu sahihi ni kutosukuma. Mgonjwa ana maumivu mapya ya shingo, kichwa kinauma kuliko alivyowahi kusikia, na anaona vitu viwiliviwili. Mtahiniwa aache mikono, amweleze mgonjwa sababu, ampeleke hospitali haraka. Mtihani usio na kituo hiki unawafundisha wanafunzi kwamba kila shingo ni ya kusukumwa.

Kuhusu alama, orodha ndefu mno ya vipengele humpendelea anayekimbia bila kufikiri. Napendelea orodha fupi pamoja na hukumu ya jumla ya mtahini: amefaulu, yuko mpakani, au hajafaulu. Wastani wa alama za orodha za wale wa mpakani ndio uwe alama ya kufaulu kituo hicho. Watahini waitazame kwanza video moja pamoja, kila mmoja atoe alama kivyake, kisha wajadili walipotofautiana.