Uloto hauoti kuwa moyo, msiuze kiwanja

Jamani, siku hizi kliniki ya moyo hapa Dar haipiti wiki bila ndugu wa mgonjwa kuja na klipu ya WhatsApp, anataka baba yake avutwe uloto (uboho, ule ute wa ndani ya mfupa) kwenye nyonga achomwe nao sindano kwenye moyo ili misuli iote upya, wengine washatafuta dalali wa kiwanja Chanika wampeleke mgonjwa nje.

Wazo halikutoka hewani. 2001 timu ya Piero Anversa kule Marekani iliandika kwamba seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine, za uloto wa panya zimegeuka misuli ya moyo, watu wakashangilia. 2004 watafiti wengine wakajaribu kwa panya wakakuta seli zinabaki za damu tu, na 2018 Harvard ikataka makala 31 za maabara ile zifutwe kwa sababu ya data za kughushi. Ulaya nako wagonjwa halisi waliopata shambulio la moyo waliwekewa seli za uloto, vifo havikupungua kwa maana.

Mnachanganya na selimundu, ambayo ni ugonjwa wa damu. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto na watoto wanapona, kwa sababu uloto ni kiwanda cha damu. Cha damu! Seli za moyo maabara zinatengenezwa kweli, na zinadunda kwenye kisahani, ila hutokana na seli za ngozi au damu zilizorudishwa utotoni kwa njia ya 2006 ya Yamanaka, mtafiti wa Japani, na zikipandikizwa zinaweza kuvuruga mapigo, ndo maana bado ni majaribio.

Sasa mtu akikwambia anafanya jaribio hilo hapa nchini, mwombe cheti cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kisha kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, cha jaribio hilohilo, siyo cha dawa nyingine, halafu fomu ya ridhaa ya Kiswahili, isome nyumbani usikimbilie kusaini, nakala moja ubaki nayo, na una haki ya kujitoa siku yoyote. Ukidaiwa hela ushiriki jaribio, ondoka. Kufanya jaribio bila kibali ni kosa kisheria, na daktari anaweza kufutwa kwenye rejista ya Baraza la Madaktari.

Na vidonge msiache. Juzi kaja mzee miguu imevimba, hawezi kulala chali, kumbe kaacha dawa ya kukojoa mwezi mzima anasubiri seli, na mwanae ndo alimwambia apumzike kumeza vidonge. Tumemlaza.