Naibu Spika sio msaidizi wa Spika, tuangalie India

Mimi kazi yangu ni sheria za mabunge, na swali ambalo naulizwa karibu kila nikiongelea mabunge ya majimbo ya India ni hili: Naibu Spika kazi yake nini hasa, si anakaa tu akisubiri Spika aumwe? Hapana jamani, na ndo maana nimeamua niandike.

Ibara ya 178 ya katiba yao inasema bunge la jimbo lichague wabunge wake wawili, mmoja awe Spika mwingine Naibu. Kwa hiyo Naibu hateuliwi na Spika, wala waziri mkuu wa jimbo hampangii, anachaguliwa na wabunge wenzake kama Spika mwenyewe. Halafu nenda ibara ya 179, hapo mimi ndo huwa napenda kuwasomesha watu. Spika akitaka kujiuzulu, barua anamwandikia Naibu, na Naibu akitaka kuachia ngazi anamwandikia Spika. Sasa niambie ni bosi gani anamwandikia msaidizi wake barua ya kuacha kazi? Kila mmoja anawajibika kwa bunge, na kumtoa yeyote kati yao lazima notisi ya siku 14 itangulie, halafu zipatikane kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote walio na viti, sio wale tu waliohudhuria siku hiyo.

Siku za kawaida Naibu akiwa hajakalia kiti ni mbunge kama wengine, anachangia, anapiga kura. Akikalia kiti mambo yanabadilika, hapigi kura mpaka zilingane pande zote, hapo ndo anatoa ya kuamua.

Ila uzito wake wote unauona kiti cha Spika kikiwa wazi, kwa sababu ibara ya 180 inampa Naibu kazi za Spika, tena sio nusu nusu. Jimbo la Maharashtra ndo mfano wangu wa kila siku. Spika Nana Patole alijiuzulu Februari 2021, hakuchaguliwa mwingine mpaka Julai 2022, muda wote huo bunge liko mikononi mwa Naibu, Narhari Zirwal. Juni 2022 kundi la Eknath Shinde likaasi ndani ya Shiv Sena, chama cha waziri mkuu wa jimbo Uddhav Thackeray, na Zirwal akawapelekea waasi 16 notisi za kuwavua ubunge, wajibu ndani ya siku mbili tu, na wao wakati huo wameshaandika notisi ya kumtoa yeye. Mahakama ya Juu ya India ikaingilia, ikawaongezea muda hadi Julai 12, lakini kabla tarehe hiyo haijafika serikali ya Thackeray ilishaanguka.

Waasi walikuwa wameshika hukumu ya mahakama hiyo hiyo ya 2016, iliyotokana na mgogoro wa jimbo la Arunachal Pradesh, kwamba mwenye kiti akishapewa notisi ya kuondolewa hawezi kuamua nani avuliwe ubunge. Kwangu mimi hukumu ile ina tundu, maana anayeogopa kuvuliwa ubunge anawahi tu kuandika notisi na mkono wa mwenye kiti unafungwa. Mwaka 2023 majaji watano waliona kuna jambo la kuangaliwa upya, wakaipeleka kwa majaji saba.

Kinachoniuma zaidi ni kuacha nafasi hii wazi. Katiba inasema achaguliwe mapema iwezekanavyo, basi, haitaji tarehe, na maneno hayo hayo yako kwenye ibara ya bunge la taifa, ambalo lile la 2019 hadi 2024 lilimaliza muda wake wote bila Naibu Spika. Kwenye jimbo ukiacha hivyo halafu Spika naye akaondoka, wa kumchagua mbunge wa kukaimu kiti anakuwa Gavana, na Gavana huyo hakupigiwa kura na mwananchi yeyote wa jimbo lile, ameteuliwa na Rais kutoka New Delhi.