Siku ya 11 si kanuni ya kupandisha mbwa

Wafugaji wengi wa mbwa wa ulinzi jijini Dar es Salaam, kuanzia Mbezi hadi Kigamboni, huamini kwamba jike huingia kwenye joto, yaani kipindi cha uzazi kinachoanza kwa kutokwa damu, kila baada ya miezi 6 kamili, na kwamba siku ya 11 tangu damu ionekane ndiyo ya kumpandisha. Kwa kawaida, muda kati ya joto moja na jingine huwa miezi 5 hadi 11, na Basenji, mbwa wa asili ya Afrika ya Kati, huingia mara moja tu kwa mwaka. Hivyo jike aliyechelewa si lazima awe mgonjwa. Hesabu ya siku hupotosha zaidi, kwa kuwa kipindi cha damu kabla ya jike kumkubali dume kinaweza kuwa siku 3 au hata 21, na mayai yakishatoka huhitaji takribani siku 2 zaidi ili yakomae na kuweza kurutubishwa. Ndiyo maana jike akipandishwa siku isiyofaa na asishike mimba, dume hulaumiwa bure. Kipimo cha projesteroni, homoni ya uzazi inayopanda mayai yanapokaribia kutoka, katika damu, kikirudiwa kila baada ya siku chache, humwonyesha daktari wa mifugo wakati ufaao, ilhali kukatika kwa damu si dalili ya kutegemewa, maana baadhi ya majike huendelea kutokwa damu wakiwa tayari kupandwa.