Je, wajua kwa nini masikio huziba matatu ikipanda kutoka Kisumu kwenda Mau Summit?

Abiria wa Kisumu na Nakuru wanaijua hali hii. Ahero na Awasi mnapita vizuri, mpunga na miwa pande zote, joto la ziwa bado limo ndani ya gari. Barabara inaanza kupanda kuelekea Kericho, na ghafla makanga anasikika kama anaongea ndani ya mtungi. Unameza mate, kitu kinalia tak! kichwani, masikio yanafunguka. Baada ya kilomita chache yanaziba tena.

Kisa ni hewa. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Mau Summit inakaribia mita 2,500. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa iliyo juu yako inavyopungua, na uzito wake unapungua pia. Lakini nyuma ya ngoma ya sikio kuna kichumba ambacho bado kimebeba hewa ya Kisumu. Hewa hiyo inatanuka na kuisukuma ngoma nje, na ngoma iliyovutika haitikisiki vizuri, ndiyo maana sauti zinafifia. Mlango wa kichumba hicho ni mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua, na mara nyingi huwa umefungwa. Misuli inayoufungua hufanya kazi unapomeza au kupiga mwayo, kwa hiyo anayetafuna njugu njia nzima hasumbuki sana. Pakiti ya krispi iliyonunuliwa Kisumu nayo huvimba huku juu kwa sababu iyo hiyo, na gesi ya tumboni vilevile. La tumbo tuliache hapo, gari lina watu 14.

Shuleni tulichorewa mifumo ya mwili kila mmoja kwenye chati yake: upumuaji huku, damu kule, mkojo ukurasa wa mwisho. Ukiikariri hivyo utadhani haijuani.

Shuka Mau Summit ununue karoti, utembee haraka kidogo, uone utakavyohema. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, sawa na kule ziwani, ila hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Wanaogundua kwanza si mapafu. Ni vijinundu viwili vidogo shingoni, kando ya mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, ambavyo kazi yake ni kuionja damu inayopita. Vikikuta oksijeni imeshuka, vinapeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya neva. Ubongo unaagiza kiwambo kilicho chini ya mapafu kivute zaidi, na moyo uongeze mapigo. Mifumo mitatu imeshaingia kazini na wewe bado unabishania bei ya karoti.

Halafu kuna lile la kumwomba dereva asimame. Baridi ya huko juu ikiipiga ngozi, mishipa ya ngozini hujibana ili joto lisipotee. Damu inajazana katikati ya mwili, na mwili unaona kama maji yamezidi. Figo zinayapunguza kwa kutengeneza mkojo zaidi. Usiilaumu chai ya Kericho peke yake.

Kwangu mimi figo ndizo zinazostahili sifa kubwa katika safari hii. Kwamba zinachuja damu, kila mtu anajua: majimaji lita kama 180 kwa siku, karibu yote yakirudishwa mwilini. Wachache wanajua kwamba hupima pia oksijeni inayozifikia, na zikiona ni haba hutoa homoni iitwayo erithropoietini. Homoni hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye uboho, ndani ya mifupa, na kuuhimiza utengeneze seli nyekundu zaidi za kubeba oksijeni. Agizo hutoka ndani ya saa chache, lakini seli huchukua siku kadhaa kukomaa. Abiria wa matatu hafaidi kitu, maana kabla hazijawa tayari ameshateremka Nakuru, mita 1,850 hivi. Anayevuna ni mwanariadha anayepiga kambi Iten, kwenye mita 2,400, wiki baada ya wiki.

Kuna ambao mwinuko huu si wa kufanyia mzaha. Kanda ya ziwa ina watu wengi wanaoishi na selimundu. Oksijeni ikipungua, seli zao nyekundu hujipinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, maumivu yakaanza. Mwenye hali hiyo azungumze na daktari wake kabla ya kwenda nyanda za juu, abebe sweta na maji ya kutosha.

Masikio yenyewe huteseka zaidi kwenye mteremko wa Salgaa, mkishuka kuelekea Nakuru, kuliko kwenye mpando wa Kericho. Mkipanda, hewa iliyonaswa inajitafutia njia ya kutoka. Mkishuka, hewa ya nje ndiyo inayotaka kuingia, na ule mrija laini hubanwa ukazidi kujifunga. Mwenye mafua ataumia, kwa sababu kamasi imeshauziba nusu. Mtoto mchanga naye ana mrija mwembamba na hajui kwamba anatakiwa kumeza, ndiyo maana kilio huanza hapo gari zima likashangaa. Mama asikingoje. Aanze kumnyonyesha mara gari linapoiacha Mau Summit, na mtoto kila akimeza, mrija unafunguka.