Fiziotherapia ya mtoto mchanga: ni nini, na inamsaidiaje

Wengi wakisikia fiziotherapia hudhani ni kukandwa, au kunyooshwa miguu kwa nguvu. Kwa mtoto, ni kuufundisha ubongo kuuongoza mwili: anawekwa katika mkao unaomwezesha kufanya mwenyewe kitendo anachokaribia kukiweza, kisha anakirudia kila siku. Ubongo wake bado unajijenga, ndiyo maana kusubiri "atakuja kukaa tu" kunamnyima mengi.

Tuanze na shingo. Kabla hajanyonya, akiwa macho, mlaze kifudifudi kwenye mkeka. Kunja khanga iwe kama mto mwembamba, iweke chini ya kifua, viwiko vyake vikae mbele, usawa wa mabega. Lala naye uso kwa uso, umwite. Dakika mbili tatu zinatosha mwanzoni. Shirika la Afya Duniani linashauri zifike angalau 30 kwa siku, zikigawanywa. Akilia, mpumzishe, urudie baadaye.

Makete, Njombe na Mbeya, baridi ya Juni na Julai humfanya mtoto ashinde mgongoni mwa mama ndani ya mablanketi. Kumbeba si kosa, tena miguu ikipanuka vile nyonga hufaidika. Anachokosa ni muda wa kujisukuma. Mtandikie juani.

Mtoto anayekaza mwili na kujirusha nyuma asisukumwe kichwa, atakaza zaidi. Mkunje nyonga na magoti, vuta mabega mbele taratibu, atalegea. Na kama miguu yake hukaza na kupishana, kumsimamisha kwa kumshika makwapani humzoesha kusimamia vidole. Kigari cha kutembelea nacho hivyo hivyo.

Kukaa bila kushikwa huja kati ya miezi 4 na 9, kutembea kati ya 8 na 18. Wapo wasiotambaa kabisa, na hutembea vizuri. Kwa njiti, hesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Ila ukiona shingo legevu au ngumi zisizofunguka baada ya miezi 4, au kupenda mkono mmoja kabla ya mwaka, mwambie muuguzi kliniki akuandikie rufaa.

Mtaalamu atakupa mazoezi machache ya kufanya wakati wa kumwogesha na kumvisha. Kila mnaporudi, yafanye mbele yake akurekebishe mikono, kwani mtoto akikua mazoezi nayo hubadilika.